Siagi Ndani ya Bidoni

Jumatatu, 12 Februari
Mama Agathe amenipa daftari hili na kuniagiza niandike kila nitakachobadilisha kwenye bagi, lile gari la wazi la kubebea wagonjwa. Yeye ndiye kiongozi wa kina mama wa Songo waliotafuta mabomba, injini ya gari dogo lililogongwa na magurudumu manne manene, nikawaundia chombo hicho kiangazi kilichopita, hapa garajini kwangu mtaa wa Rugenge, Uvira. Mbele kuna viti viwili, nyuma kitanda cha mgonjwa. Kinapanda hadi pale barabara ya kuelekea Bijombo inapoishia, mahali tunapopaita Paking, kinapokea wagonjwa wanaobebwa kwa machela kutoka juu na kuwashusha hospitali.

Mimi ni Osée. Nina miaka hamsini na saba na nilianza kuchomelea chuma kabla sijaota ndevu. Hakuna kitu changu kilichowahi kukatika. Naliandika hilo mwanzoni ili anayesoma ajue anaongea na nani.

Jumatano, 14 Februari
Pitchou, dereva, amekuja kulalamika. Bagi ameipa jina la Chura, na wagonjwa nao wamelidaka.
"Papa Osée, inaruka sana. Minye mugongo iko inaniuma mpaka ku shingo."
Nimemwambia mgongo wake umezoea viti vya baa.

Jumamosi, 17 Februari
Nimetoa resori, yaani springi, za zamani na kufunga nne za pikapu iliyokuwa ikibeba makaa, pamoja na amortisa zake, zile nzito. Amortisa kazi yake ni kutuliza resori isichezecheze. Hizi zinatuliza hata lori.

Gari likitoka garajini hapa kwetu, wanaume hulikandamiza kwa mikono. Likizama, wanacheka: amortisa imekufa. Leo watatu wamemlalia Chura, mmoja wao fundi wa Songo asiyenipenda. Hakuzama hata upana wa kidole. Wamepiga makofi. Na mimi nimefurahi, kwa nini nifiche.

Jumapili, 18 Februari
Mvua tangu kanisani.

Jumapili, 25 Februari
Pitchou ameshusha mwanamke aliyevunjika mguu. Anasema alipiga kelele njia nzima. Mtu aliyevunjika mguu hupiga kelele hata akiwa kitandani kwake.

Jumapili, 3 Machi
Noella amepiga simu. Ana mimba ya miezi saba kasoro, anafundisha Bijombo, anasema yuko sawa.

Niandike na hili, maana daftari ni langu sasa. Noella ni binti yangu wa pekee. Ameolewa na Gédéon, mtoto wa wafugaji wa huko juu. Mimi sikutaka. Sisi ni watu wa ziwa, tunakula samaki wa mugebuka na ugali, na nilijua ni nani hapa mtaani nilitaka amchukue. Gédéon kila akishuka analeta bidoni, dumu la plastiki, la maziwa. Kwao ukikipokea kikombe umempokea mtu. Nalijua hilo vizuri, ndiyo sababu nasema maziwa yananisumbua tumbo. Miaka mitatu sasa nina tumbo.

Jumamosi, 9 Machi
Noella ametoka damu.

Si nyingi, na imesimama. Muuguzi wa huko juu amezungumza kwa simu na daktari wa hapa, kisha daktari akatuita, mimi na mke wangu Élisabeth, akatuchorea kwenye karatasi. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango. Mtoto hawezi kupita, lazima operasyo. Tena mtikisiko mkubwa unaweza kuanzisha damu ambayo huko njiani hakuna wa kuizuia. Alale wiki tatu bila kuinuka, kisha ashushwe kufikia katikati ya Aprili. Asiguse pikipiki. Nimeuliza kama haiwezekani wanaume wambebe mpaka chini kwa machela. Daktari akasema ni siku mbili kwenye mvua, na damu ikianza siku ya kwanza je?

Nikamwambia Élisabeth, Chura itamleta. Nimeifunga imara, haitingishiki.
Élisabeth akaniangalia. "Baba Noella, weye ulisha kulala mule?"
Nikamwambia fundi halali kwenye kazi yake.

Jumatano, 13 Machi
Gédéon ameshuka na Chura kuchukua dawa. Bidoni aliifunga kwenye kitanda cha mgonjwa. Amefika uani akiwa amelowa, mwembamba kama kawaida, hakukaa. Amemimina maziwa kwenye beseni mbele yangu. Yametoka maji maji, kisha yakaanza kutoka madonge ya njano.

"Maziwa imeharibika," nikasema.
"Hapana, baba mukwe. Ile ni siagi. Kwetu mama anatikisa kisabo, kile kibuyu chetu, karibu saa muzima, mukono inachoka, njo anapata ya hivi. Minye sikutikisa kitu. Gari njo ilitikisa."
"Weye unajua ng'ombe. Mambo ya amortisa uniachie."
"Sawa, baba." Akakunja kitambaa cha bidoni polepole. "Lakini Noella atalala palepale bidoni ilikuwa."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Aliaga kwa heshima, na hiyo iliniudhi zaidi. Wakati wa chakula Élisabeth aliikusanya siagi yote, ikawa sawa na ngumi yangu, akaiweka kwenye sahani mbele yangu. Sikula.

Alhamisi, 14 Machi
Nimelala kwenye kitanda cha Chura. Nimemwambia Pitchou anipitishe kwenye mawe kando ya mto Mulongwe na asinionee huruma. Alifurahi mno.

Nimejing'ata ulimi. Kila jiwe lilinirusha juu na kitanda kikanipokea kwa ngumi. Baada ya dakika kumi nilimpigia kelele asimame, hakusikia, nikapiga bomba kwa kiatu. Nilipokaa, nikamfikiria yule mwanamke wa mguu uliovunjika. Alivumilia hivi kwa saa nne nzima. Nami nikaandika humu kwamba angelia hata kitandani kwake.

Nimeona kosa langu na ni kosa la maisha yangu yote. Uvira nzima tunafunga magari kwa ajili ya magunia. Muhogo, makaa, saruji. Gari lisilozama ndilo gari. Nimefunga resori ngumu miaka arobaini na watu wamenisifu, na gunia halijawahi kulalamika kwa sababu gunia halina damu. Nilimtengenezea binti yangu gari la makaa.

Nina mwezi mmoja.

Jumamosi, 16 Machi
Nimezing'oa zote. Nimefunga resori laini za gari dogo, ndefu. Amortisa nimezifungua na kutia mafuta mepesi. Fundi wa Songo kapita, kakandamiza kwa mkono mmoja, Chura ikazama. Amecheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 20 Machi
Pitchou amerudi na bidoni nyingine; nilimwagiza aifunge palepale kitandani. Siagi: ngumi na nusu.

Sikuelewa. Nimekaa na beseni lile mapajani muda mrefu. Nimefanya laini, nimepata mbaya zaidi.

Alhamisi, 21 Machi
Nimeingia chini yake na tochi. Tumbo la shasi, ile fremu ya chini, lina mikwaruzo mipya. Resori ni laini lakini gurudumu halina nafasi ya kupanda, kwa hiyo inazama yote na kugonga chini, chuma kwa chuma. Gurudumu lipande, kitanda kibaki. Hilo tu. Kulisema ni rahisi.

Mvua. Maji ya ziwa yameingia nyumba za chini tena.

Ijumaa, 22 Machi
Nimempigia Gédéon. Mimi mwenyewe. Niliuliza hali ya Noella kwanza. Analala, damu hakuna. Kisha nikauliza kama bidoni hujazwa sawa kila safari. Akasema bidoni ikijaa kabisa maziwa hayapigani, siagi haitoki, hivyo kama nataka kupima bila kujidanganya, ijazwe nusu kila mara, maziwa ya asubuhi ya ng'ombe walewale.
"Nitachora mustari ku bidoni, baba mukwe."
Nikasema sawa. Baada ya kukata simu nikakumbuka sikusema asante.

Jumanne, 26 Machi
Nimeikata mikono ya magurudumu, vile vyuma vinavyoyashika, na kuirefusha, sasa gurudumu linapanda sentimita kumi na mbili zaidi. Bega linauma.

Jumatano, 27 Machi
Siagi: yai la kuku.

Jumamosi, 30 Machi
Nimekata mpira wa tairi kuukuu na kufunga vipande juu ya kila gurudumu, ili ikizama mpaka mwisho iguse mpira badala ya chuma. Amortisa za nyuma nimetia mafuta mazito kidogo, kwa sababu resori ilikuwa ikirudi juu kwa hasira na kurusha kitanda. Nimepunguza upepo kwenye magurudumu. Pitchou anasema usukani umekuwa mzito. Nimemwambia avumilie, na safari hii nimeongea vizuri.

Jumatatu, 1 Aprili
Pasaka imepita. Nimesahau kuila.

Jumatano, 3 Aprili
Siagi: maharage machache.
Pitchou amemshusha mzee mwenye homa ya mapafu. Anasema mzee alisinzia. Nimemwambia arudie. "Alisinzia, papa! Mupaka ku ile makona mubaya!"

Alhamisi, 4 Aprili
Nimepima kwa magunia ya mchanga. Pitchou, Noella aliyelala, na mtu mmoja mwembamba wa kumshika: inafaa. Nikiongeza kilo thelathini tu, inaanza kugonga mpira. Hamsini, inagonga shasi. Laini ina bei yake. Nimeandika kwa rangi nyeupe kwenye bomba, herufi kubwa: WATU WATATU TU.

Jumapili, 7 Aprili
Siagi: punje, kama mchele uliovunjika. Élisabeth alizitoa kwa kijiko, akahesabu saba. Tumepanga kumleta Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe 15. Udongo umeporomoka sehemu moja chini ya Paking, vijana wanachimbua.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua usiku na mchana. Sina la kuandika ila hilo. Naogopa.

Jumamosi, 13 Aprili
Nayaandika ya jana. Nataka yaandikwe kabla watu hawajaanza kunisimulia wao.

Alfajiri ya Ijumaa Gédéon alipiga simu: damu imeanza tena, wamemweka kwenye machela, wanatembea kuelekea Paking. Pitchou alikuwa kwangu kabla sijavaa viatu. Tulipanda sisi wawili. Pale palipoporomoka tulipita gurudumu moja likiwa hewani.

Kufika saa tano, machela nayo inatokea kwenye ukungu. Wanaume wanne mabegani na wengine wanne nyuma wa kupokezana, hatua zao sawasawa. Hakuna amortisa duniani inayoshinda mabega yale. Noella alikuwa amefunikwa blanketi, midomo imepauka, lakini aliniona.

Nyuma yao ulikuja ukoo. Mama yake Gédéon, Mama Charlotte, na shangazi wawili, godoro, sufuria, kuku mmoja, na bidoni. Sikuwashangaa. Hata kwetu mgonjwa haendi hospitali bila watu wake. Nani atampikia, nani atamfulia? Walianza kupanda kabla hatujamlaza, shangazi mmoja mguu tayari ndani. Chura ikazama upande mmoja.

"Mushuke," nikasema. "Watatu tu. Dereva, mugonjwa, na mumoja."
"Mugonjwa atakwenda na mutu mumoja kama mufungwa?" shangazi akauliza. "Nyinyi watu wa chini mukoje?"
Nikamwonyesha yale maandishi. Akasema yeye hasomi rangi. Tulipigiana kelele huku mvua ikitunyeshea, na Noella amelala kati yetu, na kila dakika damu yake ikienda. Nilitaka kulia kwa hasira. Ni Mama Charlotte aliyelinyamazisha lile jambo. Alishusha godoro, akashusha sufuria na kuku, akamshika shangazi mkono kumteremsha. Bidoni akaiacha mule ndani. Nikaiangalia, ndogo, nusu, mstari wa mkaa ubavuni. Nikaiacha nami.

Ikabaki nafasi moja. Gédéon akarudi nyuma hatua mbili.
"Panda weye, baba mukwe. Weye njo baba yake. Na weye unajua hii mashini."
"Papa, panda," Noella akasema. Akatoa mkono nje ya blanketi.

Nina kilo tisini na tatu. Nilizijua hizo kilo kama ninavyojua jina langu, maana nilizipima kwa mchanga. Gédéon hafiki sitini.

"Minye niko muzito, mama," nikamwambia binti yangu. Niliushika ule mkono, ulikuwa baridi, nikauingiza chini ya blanketi. Nikamwambia Gédéon, "Panda. Mushike kiuno, usimuachilie." Pitchou hakutania safari hii. Waliondoka.

Nikabaki nimesimama barabarani na ukoo ambao kwa miaka mitatu nilikataa maziwa yao.

Simu haikuwa na mtandao. Shangazi na wabebaji walirudi juu na mizigo. Nilianza kutembea, na Mama Charlotte akaanza kutembea na fimbo yake kando yangu, bila kuulizwa. Amenizidi miaka na hatua zake zilikuwa ndefu kuliko zangu. Nilikuwa nikiinama kila baada ya muda kuangalia matope kati ya alama za magurudumu.
"Unatafuta nini?"
"Natafuta mahali tumbo ya Chura iligonga chini. Nikiona chuma ilikwaruza jiwe, nitajua Noella alipigwa pale."
Kutoka pale aliangalia alama za kushoto, mimi za kulia. Tulitembea hivyo saa nyingi. Hapa kona mbaya: hakuna. Hapa mawe yaliyoporomoka: hakuna. Nilianza kupumua. Aliniambia Noella akiwa na usingizi huita samaki, eti anaota mugebuka wa kukaanga. Nikacheka, kisha nikaona aibu kucheka.

Kwenye kijito aliita. "Baba Noella."
Jiwe pana, limetokeza katikati ya maji yaliyopungua. Juu yake mkwaruzo mrefu, mpya, na ndani ya mkwaruzo rangi ya buluu. Rangi yangu, niliyompaka Chura. Niliigusa kwa kidole ikatoka.

Sijui tulisimama pale muda gani. Alinivuta shati tukaendelea. Kuanzia hapo sikutafuta kitu tena. Karibu na bondeni pikipiki mbili zilituchukua, na giza lilikuwa linaingia tulipofika hospitali.

Élisabeth alikuwa kwenye ngazi. Alituona, akainuka.
"Wamemupasua saa tisa," akasema. "Iko hai. Walimutia damu mifuko miwili. Mutoto mwanamuke, mudogo sana, lakini analia vizuri."

Gédéon alikuwa ameketi sakafuni ukutani, shati lote udongo na damu. Nikamwuliza neno moja tu: kijito. Akasema walipokiona, maji yalikuwa yamefunika mawe, Pitchou hakuweza kujua kina. Basi akashuka, akambeba Noella mikononi akavuka naye kwa miguu, taratibu, maji yakimfika mapajani. Pitchou akapitisha Chura tupu, kwa mbio ili isinase. Hapo ndipo iligonga.
"Niliona miguu yangu ni mizuri kupita resori, baba mukwe. Unisamehe."

Nilikaa chini karibu naye. Mama Charlotte aliitoa bidoni chini ya benchi, akamimina kwenye kikombe cha plastiki kupitia kitambaa. Akakunjua kitambaa, akanionyesha. Kilikuwa cheupe, hakuna hata punje. Kisha akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili, akasubiri. Wote watatu walisubiri. Élisabeth alijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko.

Nikanywa. Yote.

Jumapili, 28 Aprili
Noella ameruhusiwa. Kuogesha mtoto kwa maji ya moto, kuosha nepi, wageni. Sijagusa chuma siku tano.

Jumamosi, 4 Mei
Mvua imepungua. Mama Agathe ameomba daftari asome niliyobadilisha. Nimemwambia nitamwandikia karatasi nyingine, fupi.

Mchana fundi wa Songo alipita tena na wenzake wawili. Akamkandamiza Chura kwa mkono mmoja, ikazama mpaka magotini kwake, ikapanda polepole.
"Osée, hii amortisa imekufa!"
Nilikuwa nimeketi mlangoni na mjukuu kifuani, Gédéon ananimiminia kikombe cha pili cha maziwa.
"Imekufa," nikamjibu. "Usiifufue."